Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya milima ya theluji: dhoruba ikiisha, hatari haijaisha

Waheshimiwa mawaziri, wakuu wa hifadhi za milima, wakurugenzi wa huduma za hali ya hewa, mameya wa vijiji vya mabondeni, na nyinyi mnaofungua na kufunga barabara za milimani,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadharani. Kila msimu wa baridi watu wanafunikwa na maporomoko ya theluji katika milima mliyokabidhiwa, na wengi wao wanafunikwa siku ambayo kila kitu kinaonekana shwari.

Theluji nzito ikianguka siku mbili tatu mfululizo, hakuna anayehitaji kuambiwa akae ndani. Upepo unavuma, mtu haoni hatua kumi mbele yake, barabara zimefungwa, redio zinatangaza. Kisha mawingu yanafunguka. Anga inatakata, jua linawaka, kila mteremko umefunikwa theluji mpya ambayo hakuna aliyeikanyaga, na magari yanajaa kwenye maegesho ya mwanzo wa njia kabla hakujapambazuka vizuri. Wenye skii, wenye viatu vya theluji, wenye pikipiki za theluji, wote waliofungiwa ndani kwa siku kadhaa wanatoka kwa pamoja. Hiyo ndiyo siku ninayoizungumzia. Theluji iliyoanguka bado haijatulia, uzito wake bado ni mpya juu ya tabaka zilizoko chini, na watu ni wengi kuliko siku nyingine yoyote ya juma.

Ombi langu ni moja. Onyo lenu limfikie mtu pale anapoiacha barabara, limfikie asubuhi hiyohiyo ya jua, na limweleze hatari kwa maneno anayoweza kuyafanyia kazi, si kwa namba na rangi peke yake.

Mkitaka kuona kwa nini nalisisitiza hili, shikeni sepeto mchimbe. Tafuteni mahali pasipo na mwinuko mkali, panapotazama upande uleule na mteremko mnaoutilia shaka. Chimbeni shimo la kufika kifuani, kisha sugueni ukuta wake mpaka uwe wima na laini. Pitisheni kidole kutoka juu kwenda chini. Mwanzo kinazama chenyewe: hiyo ni theluji ya jana usiku. Chini yake kinakutana na ugumu, theluji iliyopigwa na upepo ikashikana. Halafu, katika mstari mwembamba kuliko hata kidole chenyewe, ukuta unaachia ghafla na punje zinachuruzika hadi miguuni. Zikusanyeni kiganjani. Zinameta, zina kingo na pembe, na hata mkizifinya hazishikani. Ni sakitu, yaani mvuke wa hewani ulioganda, iliyoota juu ya theluji katika usiku mtulivu wa baridi kali, siku kadhaa kabla ya dhoruba, kisha dhoruba ikaizika ikiwa nzima.

Sasa kateni nguzo ya theluji yenye sentimita 30 kila upande, lazeni bapa la sepeto juu yake, na mgonge kwa vidole mara kumi mkitumia kifundo cha mkono tu, mara kumi kwa kiwiko, mara kumi kwa bega. Ziko siku nguzo hiyo haifiki hata kwenye kiwiko. Mnagonga mara tatu au nne kwa vidole, na sehemu yote ya juu inachomoka kwa mkupuo, imekatika sawasawa pale kwenye mstari wa sakitu, na kuteleza hadi mapajani mwenu. Mkishaliona hilo kwa macho yenu, hamtauangalia tena mteremko mweupe kwa namna ileile. Bamba zima la theluji limekaa mlimani kama ubao uliolazwa juu ya gololi, na linasubiri uzito wa mtu mmoja.

Maporomoko ya aina hiyo, ya bamba, ndiyo yanayoua watembezi wengi, na huanzia hasa kwenye miteremko yenye mwinuko wa kati ya nyuzi 30 na 45, ambayo ndiyo hiyohiyo wenye skii wanaipenda. Ufa hauanzii lazima chini ya miguu ya anayepita. Tabaka dhaifu likibomoka mahali pamoja, mbomoko husambaa, na bamba linaweza kukatika mita nyingi juu yake, yeye akiwa katikati yake. Yawezekana hata mtu aliye mahali tambarare kule chini akaukata mteremko ulio juu ya kichwa chake. Waliozoea milima wanaujua mlio wa tabaka hilo linapobomoka, mvumo mzito wa kudidimia chini ya miguu, na wakiusikia hurudi bila mjadala. Mgeni anaweza kuusikia asijue ameambiwa nini.

Upepo nao una kazi yake, na huwa haupewi uzito unaostahili katika matangazo. Dhoruba ikiacha sentimita 30 bondeni, watu huhesabu sentimita 30. Lakini juu kule upepo umeichota theluji upande wa joshini, ule unaopigwa na upepo, na kuirundika upande wa demani, ule uliokingwa, na hapo kina chake kinaweza kuwa mara kadhaa zaidi ya kile kilichoanguka kutoka mawinguni. Tena upepo huweza kuendelea kurundika hata baada ya theluji kuacha kuanguka, chini ya anga ya buluu. Tunasema mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye theluji msemo huo hautufai, kwa kuwa kile kinachoua kimefunikwa, na macho yanaona uzuri tu. Ndiyo maana watu wanawahitaji nyinyi.

Sasa nizungumzie namba. Nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1993 kutumia kipimo kimoja cha hatari chenye ngazi tano, na Marekani na Kanada nazo zina chao cha ngazi tano. Kipimo hicho ni kazi nzuri ya watu makini na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni jinsi kinavyofikishwa. Vifo vingi zaidi vya watu walio matembezini havitokei ngazi ya 4 wala ya 5. Vinatokea ngazi ya 3. Ngazi ya 4 ikitangazwa, wengi hubaki nyumbani. Ngazi ya 5 hutokea mara chache, na siku hizo hata barabara hazipitiki. Lakini ngazi ya 3 hutangazwa siku nyingi za msimu, watu wanatoka, na aliyesoma shule yoyote akiona 3 kati ya 5 kichwani mwake anasoma wastani. Si wastani. Hatari haipandi ngazi kwa hatua zinazolingana, inapanda kwa kuruka, na maelezo rasmi ya ngazi ya 3 yanasema wazi kwamba kwenye baadhi ya miteremko mtu mmoja tu anaweza kuliangusha bamba. Sentensi hiyo ipo kwenye nyaraka zenu. Kwenye ubao wa maegesho haipo. Ubaoni kuna namba ndani ya pembetatu na rangi ya chungwa.

Mnayo tayari maarifa ya kuandika vizuri zaidi. Watabiri wa maporomoko wa Ulaya wameyagawa matatizo makuu katika mafungu matano: theluji mpya, theluji iliyopeperushwa na upepo, tabaka dhaifu la kudumu, theluji iliyolowa maji, na theluji inayoteleza yote kwa pamoja juu ya majani au mwamba. Kila moja lina dalili zake na tahadhari zake. Theluji mpya mara nyingi hutulia baada ya siku chache. Tabaka dhaifu la kudumu linaweza kukaa wiki nyingi likiua, na hasa katika milima ya bara yenye baridi kavu, kama ile ya Colorado, jimbo linaloongoza Marekani kwa vifo vya maporomoko. Mtu anayeambiwa tu “ngazi ya 3” hajui ni lipi kati ya hayo mawili linalomsubiri, na uamuzi unaofaa kwa moja haufai kwa jingine. Kwa lile la kwanza anaweza kungoja hadi keshokutwa. Kwa lile la pili hata wiki ijayo inaweza kuwa mapema.

Ubao ninaoutaka ungesomeka hivi: “Theluji mpya imekaa juu ya tabaka dhaifu. Upepo wa kusini-magharibi umeirundika kwenye miteremko inayotazama kaskazini na mashariki, juu ya mita 2,000. Mtu mmoja anaweza kuiangusha. Leo usipande, usiteleze, wala usipite chini ya mteremko wenye mwinuko mkali upande huo. Jua halijaondoa hatari. Njia ya bondeni inayopita mbali na miteremko ndiyo ya kuchagua leo. Limeandikwa leo saa 12 asubuhi.” Basi. Mtu mwenye haraka, mwenye baridi vidoleni, anayesubiriwa na wenzake, anaweza kulisoma onyo hilo akiwa anafunga viatu. Na liandikwe kwa lugha za wageni mnaowakaribisha kwa matangazo ya utalii. Mkiweza kumwalika mtu kwa lugha yake, mnaweza pia kumwonya kwa lugha hiyo.

Tarehe na saa si jambo dogo. Tangazo la juzi likiachwa ubaoni ni baya kuliko ubao mtupu, maana linampa mtu uhakika usio wake. Huko Davos, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji na maporomoko, SLF, hutoa taarifa yake msimu wa baridi saa 11 jioni na kuipitia upya saa 2 asubuhi, kwa sababu usiku mmoja unatosha kugeuza kila kitu. Ikiwa ubao wenu hauna mtu wa kuubadilisha, basi ajirini mtu. Mshahara wake ni mdogo kuliko gharama ya helikopta kuruka mara chache.

Nimeitaja helikopta makusudi. Tukizungumza juu ya usalama milimani, fedha na sifa huenda kwa uokoaji. Waokoaji ni mashujaa na wanastahili kila wanachopewa. Lakini hesabu ya chini ya theluji haiwasubiri. Takriban watu 9 kati ya 10 wanaofukuliwa katika dakika kama kumi za mwanzo hutoka hai. Baada ya hapo idadi inaporomoka, na ikifika nusu saa waliobaki hai ni kama theluthi moja. Wengi huishiwa hewa, wengine wameshauawa na miti na miamba waliyogongeshwa njiani. Nusu saa! Kwa muda huo simu ya kwanza ndiyo kwanza imepokelewa, rubani anavaa, na hali ya hewa inaangaliwa. Anayeweza kumwokoa mtu aliyezikwa ni mwenzake aliyesimama pale pale, mwenye kifaa cha redio cha kutafutana, ufito wa kuchomea theluji na sepeto, na aliyejifunza kuvitumia. Theluji ya poromoko ikishasimama hugandamana, mita moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo 300 hadi 500, na kwa mikono mitupu haichimbiki.

Kwa hiyo kila mwanzo wa njia inayoingia eneo la maporomoko pawekwe kituo cha kupimia vifaa hivyo vya redio, kile kinachowaka taa mtu anapopita kuonyesha kama chake kinatuma mawimbi au la. Vipo tayari katika baadhi ya milima ya Ulaya na Kanada, na vinafanya kazi mbili kwa mpigo: vinamwonyesha aliyesahau kuwasha, na vinamfanya asiye nacho kabisa ajiulize anakwenda wapi.

Na waokoaji wenyewe nao wanazikwa. Tarehe 4 Februari 2020, karibu na Bahçesaray katika mkoa wa Van, Uturuki, poromoko lilifunika gari dogo la abiria na watu 5 wakafa. Kesho yake, watu walipokuwa wakichimba kuwatafuta waliokosekana, poromoko la pili likawaangukia waokoaji. Jumla ya waliokufa ilizidi 40. Poromoko moja haliufanyi mteremko kuwa salama, na kila mwenye mamlaka ya kutuma watu kuchimba anapaswa kuwa na mtu aliyesomea theluji, mwenye uwezo wa kusema hapana na akasikilizwa, hata kama familia zinalia pembeni na kamera zinasubiri.

Najua jibu ambalo huwa linatolewa. Kwamba katika ajali kama 9 kati ya 10 za watembezi, poromoko liliangushwa na aliyekufa mwenyewe au mmoja wa kundi lake, kwa hiyo kosa ni la watu. Takwimu hiyo ni ya kweli, na mimi naisoma kinyume na mnavyoisoma. Kama poromoko lingekuwa linaanguka lenyewe bila sababu, tungesema ni amri ya Mungu na tungenyamaza. Lakini likiwa linaangushwa na mtu, maana yake palikuwa na uamuzi, mahali fulani, saa fulani, na uamuzi huo ungeweza kuwa mwingine kama mwamuzi angejua. Hakuna ajali ya maumbile inayoweza kuzuiliwa kwa maneno kiasi hicho. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wazee, na hapa tahadhari ni sentensi saba ubaoni.

Yapo mambo yanayothibitisha kwamba wenye dhamana wakiamua, inawezekana. Majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 milima ya Alps ilipigwa na maporomoko ambayo Uswisi peke yake yaliua watu 98. Baada ya hapo nchi ile ilichora ramani za hatari, ikajenga vizuizi vya chuma juu ya vijiji, ikapanda na kulinda misitu, ikaimarisha utabiri uliokuwa umeshaanza kutolewa na wanasayansi wa Davos tangu 1945. Mwaka 1999 theluji ya namna ileile ilirudi, vijijini kukiwa na nyumba nyingi zaidi na barabarani magari mengi zaidi. Waliokufa Uswisi walikuwa 17. Kila mmoja wa hao 17 ni msiba, na 12 kati yao walikufa mahali pamoja, kijiji cha Evolène. Lakini tofauti kati ya 98 na 17 haikuletwa na bahati.

Mfano wa pili ni wa Kanada. Tarehe 1 Februari 2003, kundi la wanafunzi wa sekondari lilikuwa katika safari ya shule kwa skii karibu na Rogers Pass, njia ya mlimani katika jimbo la British Columbia, poromoko likashuka kutoka juu yao, na 7 wakafa. Siku 12 kabla yake, watu wengine 7 walikuwa wamekufa katika milima ya jimbo lilelile. Wazazi hawakuridhika kuambiwa pole. Mwaka uliofuata kikaundwa kituo cha taifa cha maporomoko, na wasimamizi wa hifadhi za taifa wakaigawa ardhi yao katika madaraja matatu, kuanzia ile rahisi hadi ile tata, ili mtu ajue anaingia wapi hata kabla ya kujua theluji ikoje. Vikundi vya watoto vikapigwa marufuku kuingia ardhi tata, na katika ardhi ya daraja la kati vikatakiwa kuongozwa na mwongozaji mwenye cheti kinachotambulika. Mteremko haubadiliki kila siku kama theluji, kwa hiyo ramani ya namna hiyo ikishachorwa inatumika mwaka hadi mwaka. Nchi zenye milima na zisizo na ramani hiyo hadi leo zinangoja nini? Na shule zinazowapeleka watoto theluji ikiwa mpya zinaongozwa na kanuni ya nani?

Sitaki barua hii ieleweke kuwa ni ya wenye skii tu. Theluji nyingi haichagui aliyekwenda kujiburudisha na aliyelala kwake. Februari 1999, baada ya dhoruba kufuatana, poromoko lilikiingia kijiji cha Galtür, Austria, tarehe 23 na kuua watu 31. Baadhi ya nyumba zilizofagiliwa zilikuwa katika eneo ambalo ramani ililiona kuwa salama. Wiki mbili kabla, tarehe 9, kitongoji cha Montroc katika bonde la Chamonix, Ufaransa, kilipoteza watu 12 majumbani mwao, na miaka minne baadaye meya alitiwa hatiani mahakamani kwa kutowahamisha. Naitaja hukumu hiyo ili mameya wajue kwamba kungoja nako ni uamuzi, na kuna siku utaulizwa.

Rigopiano inaniuma zaidi. Tarehe 18 Januari 2017, katika milima ya Abruzzo, Italia, ardhi ilitetemeka mara kadhaa siku hiyo, theluji ilikuwa imeanguka bila kukoma, na wageni wa hoteli waliogopa wakataka kuondoka. Mizigo ilikuwa tayari. Barabara ilikuwa imezibwa na theluji, na gari la kuifungua lilingojwa likawa halifiki. Jioni poromoko likaibomoa hoteli. Kati ya watu 40 waliokuwa hapo, 29 walikufa. Simu ya kwanza ya kuomba msaada haikuaminiwa. Watu wale walikuwa wameshaielewa hatari kuliko waliokuwa na dhamana nao. Kilichokosekana ni njia ya kutokea na sikio la kuwasikiliza.

Barabara, basi. Mnaozifunga na kuzifungua, nawaomba msikubali kufungua kwa sababu hoteli zimejaa au kwa sababu ni mwisho wa juma. Rogers Pass wanajeshi hupiga mizinga kuelekea juu ya mlima ili theluji ianguke wakati barabara haina mtu, na kisha magari huruhusiwa. Msafiri akikaa saa nne ndani ya gari atalalamika, na mwacheni alalamike. Pale pasipo na mizinga wala watabiri, msafiri hana hata nafasi ya kulalamika. Februari 2010 maporomoko mfululizo yaliifunika barabara ya Salang nchini Afghanistan na kuua watu zaidi ya 160, wengi wao wakiwa ndani ya magari. Miaka mitano baadaye maporomoko yaliua mamia nchini humo, wengi katika mkoa wa Panjshir, watu waliokuwa majumbani. Nyinyi wa nchi tajiri zenye vituo, kompyuta na wataalamu, na nyinyi wa mashirika ya kimataifa ya hali ya hewa, maarifa haya si siri ya taifa. Sepeto, kipimajoto, kioo cha kukuzia na mtu aliyefundishwa kuvitumia vinaweza kuanzisha huduma ya onyo mahali ambapo leo hakuna chochote, na redio ya bonde inaweza kulisema onyo hilo kwa lugha ya bonde.

Wapo watakaosema naomba milima ifungwe. La hasha. Mlima uliofungwa daima hauheshimiwi na yeyote, na vijana huingia usiku. Watu wana haki ya kwenda juu na hata haki ya kukubali hatari, lakini mtu hakubali hatari ambayo hakuambiwa. Naomba kufungwa kwa yale machache ambayo siku fulani hayana mjadala, na kwa mengine yote naomba maneno ya kweli. Mkifunga, semeni kwa nini na hadi lini. Mkifungua, semeni bado kuna nini.

Kuna jambo jingine linalohusu watabiri wenu wenyewe, na pengine hawatalisema kwa kuhofia ajira. Utabiri wa maporomoko unategemea macho yaliyo mlimani. Mashine za kupimia kina, joto na upepo ni muhimu, ziongezwe, lakini mashine haichimbi shimo wala haisikii mvumo chini ya skii. Anayepanda alfajiri na kurudi na daftari lenye habari za tabaka ndiye anayelipa tangazo lenu uhai. Bajeti ikibana, mtu huyo ndiye hupunguzwa kwanza, kwa kuwa kazi yake ikifanikiwa hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakiandikwi kwenye ripoti ya mwaka. Mlindeni. Mpeni mwenzake pia, maana hakuna anayepaswa kuchimba peke yake kwenye mteremko wa hatari. Na watembezi wa kawaida wapewe namna rahisi ya kupeleka walichokiona, nyufa, maporomoko mapya, mvumo, siku hiyohiyo, kwa mtu atakayezisoma siku hiyohiyo.

Nawaomba mjibu hadharani, kabla ya theluji ya kwanza ya msimu ujao, maswali haya. Ni mianzo mingapi ya njia katika eneo lako inaingia ardhi ya maporomoko, na mingapi ina ubao unaobadilishwa kila asubuhi? Nani, kwa jina la cheo chake, anaubadilisha, na anapata taarifa kutoka kwa nani saa ngapi? Mara ya mwisho mtu wako kuchimba shimo la theluji juu ya kijiji ilikuwa lini? Kikundi cha shule kikifika kesho asubuhi baada ya dhoruba, nani ana mamlaka ya kukirudisha, na je, atakuwa pale maegeshoni au ofisini?

Wenu katika kuitunza milima na wanaoipenda,

Mtembezi wa milima ya theluji